Vidonge vya kupunguza unene vimefika Kigwa

Jamani, vidonge vya kupunguza unene vimefika Kigwa.

Kwa wasioijua, Kigwa ni kata ya wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Waliosoma habari za misafara ya zamani watakumbuka kuwa watu waliotoka pwani walipita Tura, Rubuga, kisha Kigwa, ndipo wakaingia Unyanyembe. Stanley alipita njia hiyo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Enzi hizo bidhaa zilikuwa vitambaa, shanga na pembe za ndovu. Leo ni pikipiki, vocha za simu na, kama nilivyoona mwenyewe mnadani, kopo jeupe la vidonge 60 lenye picha ya dada mwenye kiuno cha nyigu.

Kopo lile limebandikwa karatasi yenye maneno mengi ya kusifu, lakini mawili tu ndiyo yaliyonifanya niandike leo: "Haina madhara."

Najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. Mtu wa Kigwa na kidonge cha kupungua, wapi na wapi? Si ndiko wanakolima jembe la mkono na kula michembe? Unene si ni ugonjwa wa Masaki na Mikocheni? Wasomaji wangu, hayo ni mazoea ya zamani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kuwa kati ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49, asilimia 28 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Waliokuwa wembamba kupita kiasi walikuwa asilimia 10. Yaani nchi tunayozoea kuizungumzia kwa njaa ilikuwa na wanawake waliozidi uzito karibu mara tatu ya waliopungukiwa.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Ukipata 25 na kuendelea, uzito umezidi. Ukipata 30 na kuendelea, hicho ni kiribatumbo. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 anatakiwa asizidi kilo 64. Sasa chukua mama wa urefu huo mwenye kilo 96. Amezidi kwa kilo 32. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya misafara walibeba kama frasila mbili kila mmoja, yaani karibu kilo hizo hizo 32. Tofauti ni kwamba mpagazi akifika kambini alitua mzigo. Mama huyu analala nao na kuamka nao.

Kwa hiyo simcheki mtu anayetafuta kidonge. Ana sababu. Tupime basi, faida upande mmoja na hasara upande wa pili.

Faida zipo, tusidanganyane. Mtu mnene akipungua hata asilimia 5 tu ya uzito wake (kwa mama wetu wa kilo 96 ni kilo 5 hivi) presha hushuka, sukari hutulia na magoti hupata nafuu. Na zipo dawa halali zinazosaidia kufika hapo. Mojawapo ni orlistati, inayouzwa kwa majina ya Xenical na Alli. Kazi yake ni kuzuia tumbo lisinyonye sehemu ya mafuta uliyokula, karibu theluthi moja kwa dozi kubwa. Mafuta hayo hutoka kwa njia unayoijua, wakati mwingine bila kuomba ruhusa. Kwa mwaka mzima, anayeitumia huku akipunguza chakula hupungua wastani wa kilo 3 hivi zaidi ya asiyeitumia. Si haba, lakini si muujiza.

Tena fikiri kidogo. Dawa hiyo inazuia mafuta. Mtu ambaye unene wake umetokana na ugali wa sahani mbili, chai ya vijiko vinne vya sukari na soda kila mchana, orlistati itamzuia nini? Itakaa tumboni kama askari aliyepewa lindo kwenye mlango usiopitwa na mwizi.

Halafu kuna hizi zinazovuma siku hizi, Ozempic na Wegovy, ambazo ndani yake ni dawa moja, semaglutidi. Hapa kweli kuna jipya. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 uliwafuatilia watu 1,961 kwa wiki 68. Waliochomwa sindano ya dawa kila wiki walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito wao, na waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Wote walikuwa wanashauriwa kuhusu chakula na mazoezi.

Hasara nazo zimeandikwa wazi. Orlistati inaweza kukupunguzia vitamini A, D, E na K. Semaglutidi huleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, na kwa wachache mawe ya nyongo na uvimbe wa kongosho. Sindano inataka friji kabla haijaanza kutumika. Bei yake ni ya wenye nacho. Na ukiacha, uzito unarudi: waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopoteza.

Hizo ndizo dawa zenye sifa nzuri. Zipo zilizosifiwa zamani zikaishia pabaya. Miaka ya 1930 Wamarekani walimeza DNP, kemikali iliyochoma mwili kwa ndani kama tanuri. Watu walipungua kweli, ila wengine walipata mtoto wa jicho na wengine wakafa kwa joto la miili yao wenyewe. Mwaka 1938 ikapigwa marufuku kwa matumizi ya binadamu. Ufaransa waliuza kidonge kiitwacho Mediator tangu mwaka 1976. Kiliandikishwa kwa wagonjwa wa kisukari, lakini madaktari wengi walikitoa kwa wanaotaka kupungua. Kiliharibu vali za moyo na kiliondolewa sokoni mwaka 2009 tu, baada ya daktari mmoja wa mji wa Brest, Irène Frachon, kukataa kunyamaza. Mwaka 2021 mahakama ya Paris ilikitia hatiani kiwanda cha Servier. Hao ni Wafaransa, wenye maabara na wakaguzi wa kila namna, na iliwachukua miaka 33.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni la sibutramini. Hii ilikuwa dawa halali, iliyopunguza hamu ya kula. Wakaamua kuwafuatilia watu karibu 10,000 wenye maradhi ya moyo au kisukari kwa miaka kadhaa. Kati ya kila watu 1,000 waliopewa kidonge kisicho na dawa, 100 walipata shambulio la moyo, kiharusi au tatizo kama hilo. Kati ya kila 1,000 waliopewa sibutramini, 114 walipata. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani.

Tazama hiyo tofauti, ndugu msomaji. Watu 14 katika 1,000. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuiona tofauti hiyo kijijini. Jirani atakuambia, "Mimi nilitumia, sikupata shida yoyote," naye atakuwa anasema kweli! Ushuhuda wake ni wa kweli na bado dawa ni ya hatari. Madhara ya aina hii hayaonekani mpaka mtu akae chini ayahesabu, na anayeyahesabu lazima ajue kwanza nini kimo ndani ya kidonge.

Ndiyo maana maneno "haina madhara" yananitisha kuliko karatasi ndefu ya Xenical yenye orodha ya kuharisha na kutapika. Dawa yenye orodha ya madhara ni dawa iliyochunguzwa. Isiyo na orodha, ama ni unga mtupu na umeibiwa pesa tu, ama ina kitu ambacho aliyeitengeneza hataki ukijue. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi sibutramini hiyo hiyo iliyopigwa marufuku ikiwa imefichwa ndani ya makopo yaliyoandikwa "mimea asilia". Na zile chai za kupunguza tumbo zinazotegemea majani ya sena ni dawa za kuharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mafuta yanabaki pale pale, na mizani inakudanganya kwa siku mbili.

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani huko Kigwa. Ana presha, na dawa zake anazifuata kliniki kila mwezi. Nilipokwenda kumsalimia alinitolea lile kopo. "Mwanangu, wewe si mwandishi wa habari? Hebu nisomee hapa wamesema nini." Nilisoma nikamaliza upesi, kwani hapakuwa na cha kusoma: jina la kiwanda hakuna, namba ya toleo hakuna, kilichomo hakuna. Alikuwa amemeza kwa siku tisa. Alifurahi kwamba njaa haisikii. Alilalamika kwamba usingizi hapati, mdomo unakauka na moyo unamwenda mbio. Tulikwenda kupima, presha ilikuwa imepanda vibaya. Muuguzi alimwambia aache siku ile ile. Muuzaji? Alikuja na pikipiki siku ya mnada, na namba yake haipatikani.

Njiani alininyamazia kwa muda, halafu akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria. "Hiki mmenikataza, sawa. Kizuri kiko wapi?"

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Sisi wa mjini tunabishana kama Ozempic ni nzuri au mbaya. Kigwa hawana ubishi huo. Kilichowafikia ni tamaa ya kupungua, tena kwa kasi kupitia simu za mkononi. Dawa yenyewe, mizani ya kupimia, na mtu wa kukaa nao nusu saa akawaeleza habari za sahani ya ugali, havijafika, au vipo kwa nadra. Kwenye pengo hilo ndimo anamoingia mtu wa kopo jeupe. Tusisahau, huyu si mgeni kwetu. Miaka ya 2000 soko lile lile la kificho lilijaa vidonge vya kunenepesha na kukuza makalio, vile vilivyoitwa vya Mchina. Mteja amebadilisha anachotaka, na mfanyabiashara amebadilisha picha kwenye kopo.

Wapo watakaoniambia kuwa napigania dawa za Wazungu na kudharau mitishamba yetu. Hapana. Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la kuisimamia. Mganga anayejulikana, anayetaja mti wake na anayeweza kufuatwa nyumbani mambo yakiharibika, huyo namheshimu. Kopo lisilo na jina la mtu wala jina la mti si dawa asilia, hata likichorwa majani mangapi.

Wengine watasema jibu ni moja tu: ale kidogo, atembee. Ni kweli, na hata hizo dawa halali hutolewa pamoja na ushauri huo. Lakini kumwambia hivyo mtu mwenye kilo 96 na magoti yanayouma, halafu ukaondoka, ni sawa na kumwambia mpagazi atembee haraka zaidi bila kumpunguzia mzigo. Kiribatumbo ni ugonjwa. Mgonjwa anastahili tiba, na kwa baadhi ya watu tiba hiyo itakuwa dawa.

Msimamo wangu basi ni huu. Mimi si adui wa vidonge. Kama hesabu yako imefika 30, au haijafika ila una kisukari au presha, muone daktari na umuulize kuhusu dawa bila aibu. Kama unataka tu kuingia kwenye gauni la harusi ya Jumamosi, acha, faida ni ndogo mno kuliko hasara. Na kabla ya kumeza chochote uliza mambo manne: kina nini ndani, nani amekitengeneza, kimesajiliwa na TMDA au Baraza, na nikiumwa nitampata nani? Likikosekana jibu moja, huwezi kupima faida na hasara, kwa sababu sahani moja ya mizani imefunikwa kitambaa.

Na TMDA, ambao tangu mwaka 2019 wameachiwa kazi ya dawa na vifaa tiba baada ya chakula na vipodozi kuhamishiwa TBS, nawaomba wakaguzi wenu wasiishie kwenye maduka yenye milango. Waende na minadani.

Wauguzi na wafamasia mnaonisoma kutoka Tabora, Nzega, Urambo na kwingineko, niambieni mnaona nini huko. Mama zetu wanauliza kizuri kiko wapi, na mimi peke yangu sina jibu la kuwatosha.