MLOLONGO UMEHAMIA VYUONI

Mwaka 1988 Mkenya alipangwa foleni nyuma ya mgombea au picha yake, akahesabiwa mchana kweupe mbele ya macho ya wakubwa na majirani. Katika uteuzi huo wa KANU, aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amekwisha kuwa mbunge, pasi na kura ya siri. Mahali pengi mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi, na mwenye foleni ndefu akaambiwa hajui kuhesabu. Watu hawakusahau. Saba Saba ya 1990 ilipowaka Kamukunji haikukomea Nairobi. Ilifika Thika na miji mingine ya mkoa huu. Desemba 1991 Kifungu 2A cha Katiba kilifutwa, na taifa likakubaliana juu ya jambo moja: mtu mzima huchagua kiongozi wake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe.

Ndugu msomaji, ukidhani kwamba makubaliano hayo yangali yanaheshimiwa kila mahali, fuata barabara ya Thika uingie vyuoni. Kahawa kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Humo wamo maelfu ya vijana wenye vitambulisho, wanaomchagua Rais, gavana, mbunge na diwani. Kijana huyo huyo akivuka lango la chuo, sheria inamwambia kwamba hawezi kuaminiwa kumchagua mwenyekiti wa chama chake cha wanafunzi.

Sisemi kwa mafumbo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilirekebishwa mwaka 2016. Kwa marekebisho hayo wanafunzi waligawanywa katika majopo ya uchaguzi, kwa kufuata idara, shule au vitivo. Kila jopo huchagua wajumbe watatu ambao si wagombea, na wajumbe hao ndio huketi na kuchagua baraza la wanafunzi. Mwanafunzi wa kawaida hupiga kura yake mlangoni. Chumbani huingia mjumbe. Mlolongo wa 1988 uliondoa siri ya kura. Sheria ya 2016 ilimwondolea mwanafunzi kura yenyewe.

Hebu tupige hesabu. Tuchukue chuo chenye wanafunzi 20,000 na shule 15. Zidisha kwa wajumbe watatu: utapata watu 45. Anayetaka kuuteka uongozi wa wanafunzi 20,000 anahitaji kuwanasa wajumbe 23 tu. Hao wataenea katika basi dogo moja, na chakula chao cha jioni hakitamfilisi mtu yeyote mwenye fedha au mwenye cheo.

Watetezi wa sheria hii wana hoja yao, na haki inatutaka tuisikilize. Wanasema kwamba chaguzi za moja kwa moja zilikuwa za fujo, ukabila na fedha za wanasiasa. Kwamba mali iliharibiwa na masomo yakakatizwa. Ni kweli kwamba baadhi ya chaguzi hizo zilikuwa chafu. Lakini ni nani asiyeikumbuka hoja hiyo? Ndiyo aliyoitumia Rais Moi dhidi ya vyama vingi: kwamba Wakenya hawajakomaa, kwamba watapigana kwa makabila yao, kwamba ni heri chama kimoja na amani. Tulijibu wakati ule kwamba dawa ya uchaguzi mchafu ni uchaguzi safi. Mwizi wa kura hukamatwa akashtakiwa. Mpiga kura hapokonywi karatasi yake. Na ikiwa shida ilikuwa fedha za wanasiasa, ni rahisi zaidi kuwanunua wanafunzi 20,000 au wajumbe 45?

Huenda mzazi wa Gatundu au wa Kiandutu akauliza: hayo ya vyama vya wanafunzi yananihusu nini mimi ninayetafuta karo? Yanakuhusu, mzazi. Asiye na mwakilishi wa kweli hupangiwa bei na watu asiowajua.

Tazama mambo ya ada. Mei 2023 Serikali ilitangaza utaratibu mpya wa kugharamia masomo ya vyuo vikuu. Waliotangulia walikuwa wakilipa ada ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na Serikali ikipeleka ruzuku yake chuoni. Utaratibu mpya uliweka gharama kamili ya kila kozi mezani, kisha ukaigawa katika vipande vitatu: ufadhili, mkopo na mchango wa nyumbani. Familia ziliwekwa katika madaraja matano. Daraja la chini kabisa lilipewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa 25, na familia itoe 5. Daraja la juu lilipewa ufadhili wa 30, mkopo wa 30, na familia itoe 40.

Wakubwa walisifu wema huo. Mwananchi na afanye hesabu. Mkopo si sadaka, ni deni. Ukijumlisha mkopo na mchango wa nyumbani, mtoto wa fukara kabisa bado anabeba asilimia 30 ya gharama. Kozi ya udaktari ilitajwa wakati huo kuwa ya shilingi 612,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya asilimia hizo, mtoto wa mchuna chai au wa mchimba mawe wa Juja angetakiwa kuleta 30,600 kila mwaka na kukopa 153,000. Baada ya miaka sita angehitimu akiwa na deni la 918,000 kabla ya riba. Huyo ndiye tunayeambiwa kwamba amefadhiliwa.

Na ni nani aliyempima? Ni mtambo wa maswali uliojazwa mtandaoni. Wazazi walishtuka kuona watoto wa vibarua wamewekwa katika madaraja ya wenye nacho, wakaambiwa wakate rufaa, tena mtandaoni. Malalamiko yalipozidi na wanafunzi walipotangaza maandamano, Serikali iliunda kamati ya watu 129 mnamo Agosti 2024. Mtu huuliza maoni kabla ya kukata kitambaa. Hapa shati lilikuwa limekwisha kushonwa na kuvalishwa, ndipo fundi akaulizia kipimo.

Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba utaratibu huo ulikiuka Katiba. Miongoni mwa sababu zake ni ubaguzi na kukosekana kwa ushirikishi wa umma. Serikali ilikata rufaa, nayo ina haki ya kufanya hivyo. Lakini walioingia vyuoni Septemba 2025 walipangiwa madaraja kama walivyopangiwa wenzao. Kabla ya hapo, Julai 2025, Wizara ilikuwa imetangaza kwamba ada zimepunguzwa na kwamba sasa zitakuwa kati ya shilingi 5,000 na 75,000 kwa muhula. Tunashukuru kila shilingi inayobaki mfukoni mwa mzazi. Hata hivyo, wakili hufunzwa kuuliza swali linalofuata. Ada iliyoweza kukatwa kwa tangazo moja ilikuwa imepangwa kwa hesabu gani? Aliyelipa ile ya juu mwaka 2023 na 2024 alikuwa akilipia nini? Baraza la wanafunzi lililochaguliwa na wote, likiwaogopa wote, lingeliuliza swali hilo siku ya kwanza.

Tazama mambo ya ardhi. Julai 2022, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, Serikali ya wakati huo iliamuru kwamba ekari 410 za Chuo Kikuu cha Kenyatta zigawanywe: 180 kwa wakazi wa Kamae, 190 kwa hospitali ya rufaa iliyo hapo Kahawa, 30 kwa Shirika la Afya Duniani, na 10 kwa kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa. Naibu Chansela, Profesa Paul Wainaina, alikataa kuiachilia ardhi hiyo akaondolewa kazini. Serikali mpya ilimrudisha mwaka huo huo.

Sina ugomvi na watu wa Kamae. Maskini asiye na hati ya kiwanja ana haki ya kusikilizwa, wala hospitali si adui wa mtu. Ugomvi wangu ni na mtindo. Maprofesa walitishwa, wakuu waliondolewa na kurudishwa kama kete za bao, na wanafunzi, ambao chuo ni chao kabla ya kuwa cha mtu mwingine, hawakuulizwa neno. Mali ya umma iliamuliwa kwa sauti ya mkubwa mmoja. Ikiwa huo si utawala wa chama kimoja, basi sijui maana ya maneno hayo.

Tazama maisha yenyewe. Vitanda vya hosteli havitoshi. Wengi hupanga vyumba Gachororo, Kihunguro, Wendani na Juja mjini, hununua maji kwa mitungi, na hutembea usiku kutoka maktaba wakiwa na kompyuta begani na roho mkononi. Novemba 2019 wanafunzi wa Juja waliandamana kulalamikia wizi na mashambulizi. Walikuwa wakiomba polisi. Polisi walikuja, na kamera zikawanasa wakimpiga kwa marungu na mateke mwanafunzi aliyekwisha kuanguka chini. Kijana aliyeomba kulindwa ndiye aliyepigwa.

Kisha kuna alama zinazopotea. Mwanafunzi ameketi mtihani, ameandika, ametia sahihi. Matokeo yakitoka, somo lake ni tupu. Huzunguka ofisini muhula baada ya muhula, na siku ya mahafali jina lake halimo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, wa haki na wenye sababu zilizoandikwa. Je, ni ofisi ngapi za mitihani zimewahi kukisoma?

Na kuna migomo. Wahadhiri waligoma kuanzia tarehe 17 Septemba hadi 5 Novemba 2025, siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Deni lilikuwa halali na mwajiri alilijua. Katika siku hizo 49 mwenye nyumba wa Gachororo hakusimamisha kodi, na mwenye duka hakusimamisha bei ya unga. Aliyelipa gharama ya mgomo ni yule ambaye hakuwa na kiti mezani wala upande huu wala ule.

Wenzetu wa zamani walilipa zaidi ya kodi. Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi wa Nairobi, alifungwa miaka 10 mwaka 1982 kwa uchochezi, akafia gerezani mwaka 1988. Desemba 1996 risasi za polisi ziliua wanafunzi Njoro, na kisha Kahawa papa hapa, katika ghasia zilizohusu fedha za masomo na namna wenzao walivyouawa. Tusiseme basi kwamba mambo ya vyuo ni utoto. Uhuru wa vyama vingi tunaoufurahia ulilipiwa kwa sehemu na vijana wa chuo, na ni aibu kwamba wao ndio waliorudishwa nyuma.

Kwa upande wa sheria, nisiwadanganye wasomaji. Kifungu cha 38 cha Katiba kinapotaja uchaguzi huru kwa kura ya wote, kinazungumzia ofisi zilizoundwa na Katiba na ofisi za vyama vya siasa. Mpinzani hodari atasema kwamba chama cha wanafunzi hakimo humo. Lakini Kifungu cha 36 kinalinda uhuru wa kujumuika. Kifungu cha 55 kinaiagiza Dola ihakikishe kwamba vijana wanapata nafasi ya kujumuika, kuwakilishwa na kushiriki katika nyanja zote za maisha. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushirikishi wa umma katika mambo ya fedha. Mtu anayewakilishwa na mjumbe asiyemjua, aliyechaguliwa katika kikao asichokiona, amewakilishwa kwa jina tu.

Kwa hivyo madai yetu ni haya, wala hayahitaji kamati ya watu 129:

1. Bunge liondoe uchaguzi wa wajumbe katika Sheria ya Vyuo Vikuu na kurudisha kura ya siri ya kila mwanafunzi, moja kwa moja, chini ya wasimamizi wasioteuliwa na chuo.

2. Kila chuo cha umma kibandike bajeti yake na matumizi yake hadharani kila muhula, kwa lugha inayosomeka, kama Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inavyoruhusu mwananchi kudai.

3. Ada yoyote isipandishwe wala kipimo chochote cha uwezo wa familia kisitumiwe kabla wanafunzi na wazazi hawajasikilizwa.

4. Ardhi ya chuo isikatwe kwa amri ya mtu, awe Rais wa jana, wa leo au wa kesho.

5. Alama iliyopotea chuoni ihesabiwe kuwa kosa la chuo, na mwanafunzi apewe jibu la maandishi katika muda uliowekwa.

Wazazi wa Thika na Ruiru, mbunge wenu ana ofisi, na ofisi ina mlango. Mwulizeni kama atapiga kura ya kuirudisha kura ya mtoto wenu, na mwandike jibu lake mlitunze mpaka siku yake ya kuja kuomba. Wanafunzi, fanyeni madai yenu kwa amani, kwa maandishi na kwa wingi, kama Kifungu cha 37 kinavyowaruhusu: kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko bila silaha. Msimpe adui jiwe la kuwapiga nalo.

Tulikataa kupangwa foleni mwaka 1988. Hatukukataa ili watoto wetu waje kupangiwa wajumbe.

KURA MOJA, MWANAFUNZI MMOJA. MAGEUZI HAYAKOMEI LANGONI MWA CHUO.