Mjane na Zimwi la Chumba cha Chini

Ndugu wazazi, vijana wetu hutazama filamu za kutisha, nasi huwakemea bila kuuliza ni kipi hasa kinachowatisha. Chukueni mfano wa The Babadook, filamu ya mwaka 2014 ya Jennifer Kent wa Australia. Amelia alifiwa na mumewe katika ajali ya gari, wakati akimpeleka hospitali kujifungua. Mtoto anakaribia kutimiza miaka saba, na vitu vya marehemu bado vimefungiwa chumba cha chini. Mjane hataki atajwe. Hata siku ya kuzaliwa ya mtoto haiadhimishwi kwa tarehe yake. (Sherehe hizo tuziache, hoja si hiyo.) Ndipo zimwi linapotoka katika kitabu cha hadithi na kuingia nyumbani.

Siwashauri kuwaonyesha watoto, inatisha kwelikweli. Lakini mtunzi ameielewa huzuni: mwishoni zimwi halifukuzwi, hubaki chini, na mama hulipelekea chakula.

Sisi tuna eda ya miezi minne na siku kumi, na majirani huleta chakula msibani. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba. Hata hivyo, matanga yakishaanuliwa, ni watoto wangapi wanaomuulizia baba huambiwa amesafiri? Mtoto huyo humsubiri. Mwambieni amefariki, mpelekeni kaburini, mfundisheni kumwombea dua. Na nyinyi wenyewe msiache kumtaja marehemu kwa jina lake.