Njia Ina Upana Gani?

Juma lililopita kijana mmoja wa hapa Karatu, anayejiandaa kuwa mwongoza watalii, alinijia nyumbani na karatasi mkononi. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, akaniwekea mezani maneno matano ya Kiingereza: road, route, track, trail na path. Chuoni walikuwa wameagizwa wayatofautishe. Kando ya kila neno alikuwa amekwisha kuandika Kiswahili chake, na Kiswahili hicho kilikuwa kimoja tu, kimejirudia mara tano: njia, njia, njia, njia, njia.

Nilicheka, naye akacheka. Alipoondoka, hata hivyo, karatasi ile haikunitoka akilini, kwa sababu miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilitenda kosa lilo hilo mbele ya mkutano wa kijiji, na kosa langu halikuwa la mtihani. Nitalieleza. Kwanza niruhusuni, wapenzi wa lugha, niseme neno juu ya njia yenyewe, maana naamini sisi washairi tuna sehemu yetu katika kosa hilo.

Njia ni neno kongwe la Kibantu. Ndugu zake wametapakaa nusu ya bara: Wagikuyu na Wachewa husema njira, Washona nzira, Wazulu indlela. Watu wa Lamu na Mvita husema ndia, na ndiyo sababu Mji wa Kale wa Mombasa una mtaa uitwao Ndia Kuu. Ukongwe huo umelifanya neno libebe kila mzigo. Tuna njia ya mkato na njia ya panya, njia panda na njia ya uzazi, njia ya kukokotoa hesabu na njia ya kumwendea mkwe mwenye hasira. Neno lenye kubeba yote hayo halina budi kuwa jepesi kwa maana, na kwa mtunzi lina wepesi mwingine wa kushawishi: ni mizani miwili tu. Mtu amebakiwa na nafasi ya mizani miwili kabla ya kina, atatafuta nini tena? Mapito ni mizani mitatu, barabara ni minne, ushoroba ni minne. Nimesoma diwani nyingi za vijana wetu ambamo punda, basi, meli, roho ya marehemu na tembo wote hupita "njia", na sina shaka kwamba mara nyingi aliyeamua ni mizani, si mtunzi.

Sasa tazama barabara. Wanaofuatilia asili ya maneno hulihusisha na neno la Kiajemi lenye maana ya kuwa sawa, kulingana. Kiswahili kimelizaa mara mbili. Ukitia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, baraBAra, umetaja kitu cha kupitia. Ukirudisha mkazo nyuma silabi moja, baRAbara, umesema jambo limekaa sawasawa. (Mtunzi anayelitia neno hili katika kina cha mwisho na aseme ubeti wake kwa sauti kabla ya kuuchapisha. Nimeona shairi la harusi likigeuka habari za ujenzi.) Usawa huo ndio unaoitenganisha barabara na njia: barabara imesawazishwa na mtu kwa makusudi. Njia huweza kuzuka yenyewe. Barabara haijawahi kuzuka.

Kwa kuwa imetengenezwa, barabara ina mwenyewe, na kwa kuwa ina mwenyewe, ina upana. Hapa Karatu hilo si jambo la kinadharia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ziliipa barabara kuu meta 30 kila upande kutoka katikati, badala ya 22.5 za zamani. Eneo hilo huitwa hifadhi ya barabara, na mwenye nyumba iliyomo ndani yake huijua hifadhi hiyo siku anapoamka na kukuta alama ya X nyekundu ukutani. Upande wa pili wa wilaya yetu, ukifika lango la Lodoare, inaanza Hifadhi ya Ngorongoro, iliyotengwa mwaka 1959. Neno ni lile lile. Wapo watu hapa ambao maisha yao yote wamelima katikati ya hifadhi mbili, moja ya simba na moja ya lami, na wanaweza kukueleza tofauti zao vizuri kuliko kamusi.

Route, katika karatasi ya kijana, halikunisumbua. Makondakta wetu wamekwisha kulifanyia kazi: ni ruti. Ruti si ardhi, ni mpango juu ya ardhi. Dereva anapokatisha ruti, barabara inabaki pale pale na abiria wanabaki pale pale, kilichokatika ni ahadi. Sioni aibu kulipokea neno hili hata katika shairi.

Track ni njia ya magurudumu, ile inayochorwa na magari kwenye vumbi la sakafu ya Kreta. Barabara rasmi za kuingilia humo zina adabu kali: ya Seneto ni ya kushukia tu, ya Lerai ni ya kupandia tu. Lakini chini, meta 600 hivi kutoka ukingoni, gari likitoka nje ya mstari leo, kesho la pili litaufuata, na kesho kutwa kuna njia ambayo hakuna aliyeiruhusu.

Lililobaki gumu ni trail. Kijana aliuliza kama linafaa kuitwa nyayo. Nikamkumbusha Laetoli, huko huko Ngorongoro, ambako mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Mstari wa nyayo zile una urefu wa meta 27 hivi. Ni nyayo, na ni za ajabu, lakini hazikufanya njia: walipita, majivu yakaganda, basi. Trail huhitaji kupitwa tena na tena, mpaka ardhi ikubali. Kiswahili kina neno lake, nalo ni mapito. Watu wengi siku hizi husema mapitio ya wanyama. Sipendi, kwa sababu mapitio nimezoea kuyaandikia vitabu, lakini siwezi kushindana na wilaya nzima.

Basi nifike kwenye mkutano.

Ilikuwa katika kijiji kimoja kinachopakana na msitu. Tembo wa msitu wa Ngorongoro hushuka mashambani, hasa mahindi yanapokomaa, na walikuwapo wageni waliokuja na taarifa ya Kiingereza kuhusu namna ya kuwaachia wanyama nafasi ya kupita. Mwenye kutafsiri hakufika. Nikaombwa mimi, mwalimu wa Kiswahili, na nikakubali kwa kiburi cha mwalimu wa Kiswahili. Taarifa ilitumia neno corridor karibu kila mstari. Nililijua neno ushoroba, lakini nililijua kama ujia wa ndani ya nyumba, ule wenye milango huku na huku, na niliona wazee wangenishangaa nikiwaambia tembo apite ushorobani. Nikachagua neno jepesi. Nikasema: njia ya tembo.

Mzee mmoja Mwiraqw alisimama akaafiki papo hapo. Njia ya tembo wanaijua, alisema. Inashuka kwa korongo, inapita nyuma ya nyumba ya marehemu kaka yake, inakata barabara, inaendelea. Baba yake aliijua. Tembo wana haki ya kuipita na hakuna mtu wa kuwazuia. Watu wakaitikia, mikono ikapanda juu, mwenyekiti akahesabu.

Kisha ramani ikafunguliwa. Mstari uliochorwa haukuwa mstari. Ulikuwa ukanda wa kijani, mpana, na ndani yake mlikuwa na mashamba, boma moja na nusu ya malisho ya kijiji. Ukumbi ulinyamaza. Yule mzee hakumtazama mgeni aliyeshika ramani. Alinitazama mimi. "Mwalimu," alisema, "wewe ulisema njia."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesema njia. Kwa Kiswahili cha mzee yule, njia ya tembo ina upana wa tembo, pengine wa tembo wawili, na tembo wakishapita mwenye shamba hurudi na jembe lake. Nilikuwa nimempa neno lisilo na upana, akaliidhinisha kwa nia njema, na karatasi ikaandika kwamba kijiji kimekubali.

Tangu hapo sikubali mtu aniambie kwamba haya ni mambo ya wasomi wa maneno. Kuna kanuni za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, ambazo kichwa chake peke yake kinataja vitu vinne: shoroba, maeneo ya mtawanyiko, maeneo ya kinga na njia za kuhama wanyama. Vinne, si kimoja. Kanuni hizo zinaruhusu eneo litangazwe rasmi kuwa ushoroba, na likishatangazwa, si kila kazi huruhusiwa humo. Ushoroba wa Upper Kitete na Selela, unaowaunganisha wanyama wa nyanda za juu za Ngorongoro na wale wa upande wa Manyara, unapita katika ardhi ambayo watu wanaishi na kulima. Na tangu mwaka 2021 sheria ya nchi imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba maneno haya hayatabaki tena katika Kiingereza cha mbali. Yatakuja kwetu, na kuna mtu atakayeketi mezani ayatafsiri. Naomba asiwe kama nilivyokuwa mimi siku ile.

Vitenzi navyo vimo katika hatari hiyo hiyo. Twasema nyumbu wa Serengeti wanahama. Lakini kuhama, kwa mtu, ni kufunga mizigo na kuacha nyumba. Nyumbu huzalia nyanda za Ndutu mwanzoni mwa mwaka, hufika Mara, na hurudi Ndutu. Hawakuhama, walizunguka. Mfugaji anayefuata mvua naye tunamwita wa kuhamahama, tukarudiarudia kitenzi kana kwamba kila mara ameacha kwao, ilhali yeye anajua atarudi kisima kipi na mwezi gani. Na tangu Juni 2022, kaya kutoka Ngorongoro zimekuwa zikienda kuishi Msomera, wilayani Handeni. Serikali husema wanahama kwa hiari. Wapo wakazi na watetezi wao wanaosema wanahamishwa. Ubishi wote huo, wenye kesi na machozi ndani yake, umekaa katika viambishi viwili vya kitenzi kimoja. Sidhani kama kuna lugha iliyowahi kuweka mzigo mkubwa hivyo mahali padogo hivyo, na mtu anayeandika habari hizo hawezi kujifanya hakuona alichochagua.

Safari je? Neno hili tulilipata kwa Waarabu, tukawapa Waingereza katika karne ya 19, zama za misafara ya Zanzibar na Bagamoyo, nao wakaturudishia likiwa limepungua. Ukisikia "nina safari kesho" katika mji wa Karatu, huenda ni dereva mwenye gari la paa la kufunguka. Mama yake, kule Rhotia, akisema "nina safari", anakwenda Mbulu kumwona mgonjwa. Nimemsikia mtalii akimwambia mama wa aina hiyo kwamba ana bahati kuishi mahali pa safari. Mama aliitikia kwa heshima. Lakini neno lingali hai kwetu kwa namna ambazo Kiingereza hakijazigusa: tunasema safari ya mwisho kwa aliyefariki, na tunasema safari hii tukimaanisha mara hii, kana kwamba kila jaribio ni mwendo mpya.

Mkutano ule uliitishwa tena miezi kadhaa baadaye. Niliomba mimi mwenyewe kutafsiri, na sijui kwa nini walinikubalia. Safari hii sikusema njia. Nilisema ushoroba, yaani ukanda wa ardhi unaoachiwa wanyama wapite, na kwamba ndani yake hapatakuwa na kulima wala kujenga. Nikataja upana wake kwa meta. Nilipoona meta hazimfikii mtu, nikazigeuza kuwa hatua na kutaja idadi.

Mzee yule yule alikuwa ameketi safu ya mbele, fimbo katikati ya magoti. Alisubiri nimalize.

"Hatua za nani, Mwalimu? Zangu au za tembo?"