Pomboo wa Kizimkazi hawajakualika (sehemu ya 3)

Mlioniambia kwenye sehemu ya 2 kwamba naharibu starehe za watu, leo ni zamu yenu.

Msimu wa likizo umefika na video zimeanza. Boti sita zimemzunguka pomboo na mtoto wake, injini zinanguruma, mtu anapiga kelele "ruka, ruka!", na wewe unaruka juu ya vichwa vyao na simu mkononi. Halafu unaandika: siku bora ya maisha yangu. Yako, sawa. Yake je?

Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi. Kwetu ukija na watu kumi na tano saa saba usiku kumtazama mzazi, mlinzi atakurudisha getini. Na hutabisha, kwa sababu unajua aliyejifungua anahitaji kulala, kula na kunyonyesha. Pomboo naye ananyonyesha! Anabeba mimba kama miezi 12, anazaa mtoto mmoja, anamnyonyesha humo humo majini kwa sekunde chache chache, huku wote wawili wakipanda juu kuvuta pumzi. Ukimkimbiza mama, mtoto hanyonyi.

Wala si huruma za kinesi tu. Watafiti waliowafuatilia pomboo hao hao wa Kizimkazi waliona kwamba boti za watalii zikiwepo wanapumzika kidogo, wanakula kidogo, na muda mwingi wako mbioni.

"Mbona wanatabasamu?" Jamani! Lile ni umbo la taya. Pomboo hata akiwa anakufa utadhani anacheka.

Hoja yenu yenye uzito ni moja: boti zinalisha familia. Kweli, na hapo sina utani. Kabla ya utalii kushika kasi miaka ya 1990, pomboo wa pale walikuwa wanauawa ili wawe chambo cha papa. Mgeni anayelipa kuwaona ndiye aliyewafanya wawe na thamani wakiwa hai. Ghuba ya Menai yote ikawa eneo la hifadhi mwaka 1997. Sasa niambie, hao pomboo wakichoka wakahama, familia zitakula nini? Chambo?

Nahodha simlaumu sana. Bahari anaijua kuliko mimi na wewe. Anakimbiza kwa sababu abiria wa jana walinuna hawakugusa kitu, wakamnyima bakshishi. Mwenye hela ndiye anayekanyaga mafuta.

Kwa hiyo mwambie mkiwa bado ufukweni: tukiwaona, punguza injini, kaa ubavuni, usiwakatize mbele. Wakiwa na mtoto hatushuki majini. Boti zikiwa nyingi tunageuza, tunaenda kuogelea kwingine. Na hela yako ni ile ile, bakshishi juu. Hilo la hela litangulize, ndilo litakalofanya mengine yasikike.

Kesho sehemu ya 4: kobe wa Changuu, na watoto wenu mnaowaacha wawapapase kisha wale embe bila kunawa mikono.