AFYA YA FAMILIA: Mjamzito na Supu ya Wavietnam

Mama mmoja wa Kahama ametuuliza swali ambalo tunaona litawafaa wengi. Binti yake anaishi na mumewe karibu na Washington, Marekani, naye ni mjamzito. Majirani zake Wavietnam humwalika kula supu ya tambi katika majengo ya maduka yaitwayo Eden Center, mjini Falls Church. Je, supu hiyo haitamdhuru mtoto aliye tumboni? Mama anataka kumkataza, lakini binti anaona haya kuwakatalia watu waliompokea vizuri ugenini.

Mama, kwanza tulia. Vita vya Vietnam vilipokwisha mwaka 1975, wakimbizi wengi walihamia sehemu hizo, na tangu mwaka 1984 majengo hayo yamekuwa soko lao na mahali pao pa kukutana. Supu yenyewe huitwa pho. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa saa nyingi pamoja na tangawizi, vitunguu, mdalasini na viungo vingine, kisha supu humiminwa juu ya tambi za mchele. Pembeni huletwa sahani yenye majani mabichi, ndimu, pilipili na choroko zilizochipua. Ng'ombe, mchele na choroko! Je, hivyo si vitu vya kwetu Shinyanga? Chakula hicho kina nguvu na hujenga mwili. Hata hivyo, mjamzito aangalie mambo matatu.

La kwanza ni nyama. Bakuli jingine huwekwa vipande vyembamba vya nyama mbichi, vinavyoivishwa na moto wa supu tu. Wenyewe huiita tái. Nyama isiyoiva inaweza kuwa na vijidudu viitwavyo toksoplasma, ambavyo hupita kwa mama hadi kwa mtoto na kuweza kudhuru ubongo na macho yake. Binti aagize nyama iliyoiva kabisa, ambayo huitwa chín.

La pili ni choroko zilizochipua. Huoteshwa penye joto na unyevu, na hapo ndipo vijidudu vya kuharisha navyo huzaliana. Kuziosha hakutoshi. Aombe zichemshwe jikoni, au aziache. Majani mengine yawe yameoshwa vizuri kwa maji safi.

La tatu ni chumvi. Wavietnam hutia mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi nyingi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Basi asiongeze mchuzi huo mezani, wala asijilazimishe kumaliza supu yote. Kama kliniki wamemwambia shinikizo la damu limepanda, afuate maelekezo yao.

Kuhusu vijiti vya kulia, asione aibu. Anaweza kuomba uma na kijiko.

Basi tusimkataze binti, ila tumfundishe kusema. Awaambie wenyeji wake mapema, "Nina ujauzito, naomba nyama iliyoiva." Mwenyeji mwema hachukizwi na neno hilo, atafurahi kujua namna ya kumtunza mgeni wake. Akipata homa au kuharisha baada ya kula, aende hospitali siku hiyo hiyo, na aseme alichokula.

Nasi tuliobaki nyumbani tusidhani kwamba hatari iko Marekani tu. Tunawaona wajawazito wakinunua mishikaki yenye wekundu ndani kando ya barabara, na kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kisima kisicho salama. Tunawaona wakinywa maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa, ambayo yanaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba. Mama lishe wa Geita anayeamka usiku kuwapikia wachimbaji dhahabu, naye ni mlinzi wa afya za watu. Aichome nyama mpaka ndani, na anayenunua asiogope kumwambia, "Dada, nirudishie motoni kidogo."

Mjamzito hali peke yake. Neno moja analosema mezani kwa adabu linaweza kumkinga mtoto ambaye bado hawezi kujisemea.