BLINDE BILA MAJI HAISHINDI



Siku hizi, kisha masomo ya mangaribi, wengi kati yetu wanacheza vita: ramani ya kartoni, vifuniko vya chupa, kete mbili. Wengine wanacheza mu telefone. Kuna wanaosema mchezo huu ukatazwe. Mimi nasema: usikatazwe, lakini usahihishwe. Sababu mu mchezo wetu blinde iko na nambari tatu tu: ugumu wa chuma, nguvu ya bunduki, na mbio. Mwenye nambari kubwa anashinda. Vita haiko vile, na muji wetu ni shahidi.

Mu septemba 1961, wakati Likasi iliitwa Jadotville, askari karibu 150 wa Ireland, wa Umoja wa Mataifa, walikuwa hapa na blinde mbili za Ford. Magari ya namna ile yalitengenezwa kwao Ireland wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Inchi yao haikuingia mu vita ile, na silaha za kununua zilikuwa haba. Njo maana walichukua shasi ya Ford, wakaifunika na sahani za chuma, na juu wakaweka mnara mdogo wenye mitrayezi Vickers. Chuma kile kiliweza kuzuia risasi za bunduki. Na Vickers inapozwa na maji, karibu litre 4 kuzunguka mtutu.

Tarehe 13 wanajeshi wa Katanga, wengi kuwapita, waliwashambulia. Ndege moja ya Fouga ikawatupia mabomu. Wenzao waliotoka Elisabethville kuwasaidia walizuiliwa ku daraja la Lufira. Helikopta ikawaletea maji, lakini madumu yalikuwa na mafuta, maji hayakunyweka. Tarehe 17 kamanda Pat Quinlan alijitoa pamoja na watu wake: hakuna hata mmoja wao aliyekufa, lakini maji na risasi vilikwisha. Blinde zilikuwa zingali pale. Zingefanya nini?

Basi naomba tuongeze sheria tatu. Ya kwanza: kila blinde ihesabiwe maji, mafuta na risasi, vikiisha, kifuniko kinasimama. Ya pili: mwenye kushika daraja anafunga njia, hata kama bunduki zake ni ndogo.

Ya tatu ni nzito zaidi. Mu ramani yetu muji ni duara moja tu la kalamu. Lakini mu duara lile walikaa wababu zetu. Na wanajeshi wengi wa Katanga walikufa siku zile. Kila mmoja alikuwa na mama. Kwa hiyo, mwenye kupiga vita ndani ya muji apoteze pointi, hata akishinda.

Mutasema: «Prefe, huu ni mchezo tu!» Ndiyo. Lakini mtu anayezoea kuhesabu chuma bila kuhesabu watu, siku atakapopewa amri ya kweli atahesabu namna gani?