Msumeno na Bua la Mahindi

"Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Tumeikariri kauli hii mpaka tumeacha kuichunguza. Hakuna mahali inapoaminiwa kama kwenye faini: kosa moja, kiasi kimoja, basi haki imetendeka. Mimi sikubali. Msumeno ni uleule, sawa, lakini ukiupitisha kwenye gogo la mninga unaacha mkwaruzo, na ukiupitisha kwenye bua la mahindi, bua limekwisha.

Chukua watu wawili waliotiwa hatiani Sumbawanga kwa kosa lilelile. Kila mmoja ameambiwa alipe shilingi laki mbili au aende jela miezi sita. Wa kwanza ana fuso linalosomba mahindi kwenda Tunduma. Anatoa simu, anaingiza namba ya malipo, na chakula cha mchana anakula kwake. Wa pili ni mkulima wa Laela, na mwezi ni Januari. Mahindi yake yamefika magotini, na ghalani yamebaki ya kula tu. Huyu amehukumiwa jela, ila hukumu yake imesomwa kwa lugha ya upole.

Huku Ufipa pesa ina msimu wake. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka, na mahindi hayauziki mpaka yavunwe katikati ya mwaka unaofuata. Laki mbili ya Agosti si laki mbili ya Januari. Ndugu watapigiana simu, "tuma chochote ulichonacho", na kisipotosha watauza maksai. Mnunuzi anajua wana haraka, naye hushusha bei bila aibu. Msimu ukifika, shamba lililokuwa likilimwa kwa plau linarudi kwenye jembe la mkono, na nusu yake inabaki pori. Karatasi ya mahakama imeandika laki mbili. Familia imelipa mavuno ya mwaka mzima.

Najua jibu linalokuja: asiyeweza faini asitende kosa. Vizuri, lakini mwenye fuso naye alitenda. Sijauliza kama mkosaji aadhibiwe. Nauliza kwa nini kosa moja limpe huyu usumbufu wa dakika tano na yule kifungo cha miezi sita.

Jibu la pili: akipewa muda atatoroka. Atorokee wapi? Shamba halibebeki mgongoni. Mwenyekiti wa kitongoji anamjua tangu utoto, na mwenye duka kijijini humwandika kwenye daftari akisubiri mavuno. Muuza sabuni anamwamini, mahakama inashindwaje?

Wala serikali si mgeni wa kugawanya deni. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kidogo kidogo kupitia LUKU. Mfanyabiashara anayelipa kodi ya makadirio TRA hulipa kwa awamu nne kwa mwaka. Bajeti ya mwaka huohuo wa 2021 ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Siku hiyo tulikiri hadharani kwamba mwenye pikipiki na mwenye lori hawana mfuko mmoja. Ufini ilikiri hivyo mwaka 1921, ikaanza kupima faini kwa kipato cha siku cha mkosaji.

Sheria zetu nazo zimeacha mlango wazi. Kanuni ya Adhabu inasema pale ambapo kiwango cha juu hakikutajwa, faini isipite kiasi. Kiasi hicho utakijuaje bila kuujua mfuko wa mtu? Na aliyekwisha fungwa kwa kukosa faini, akilipa sehemu yake, hupunguziwa siku. Yaani nusu ya pesa inapokelewa akiwa ndani. Kwa nini isipokelewe akiwa nje, kabla hajapoteza shamba?

Basi hakimu aulize kipato kabla ya kutaja kiasi. Mkulima mwenye mdhamini apangiwe tarehe baada ya mavuno. Na asiyenacho kabisa apewe kazi chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002: Sumbawanga haikosi mifereji ya kuzibua wala miche ya kupanda kwenye milima ya Mbizi. Leo tunamfunga, tunamlisha miezi sita, shamba lake linamezwa na magugu, na ile laki mbili Hazina haiioni hata senti.

Fundi seremala yeyote wa mjini hapa hupima mbao kwanza, ndipo ashike msumeno. Mahakamani tunaanza na msumeno.